Kila Kitu Ni Kichwa

Oktoba 3

Leo tumekubaliana, mimi na mke wangu.

Mutinda, jirani yetu, alikuwa ametoka tu kunywa chai yetu na kuuliza kwa mara nyingine kama tutamkodisha shamba la chini. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Nthambi, huku akinitupia jicho la huruma, kama mtu anayeangalia mbuzi aliyevunjika mguu.

Alipoondoka nikasema, "Mimi bado niko hapa. Shamba ni langu, na mdomo ninao."

Nthambi akaweka ungo chini. "Baba Kathini, hakuna mtu anakunyang'anya shamba. Lakini masika ulipotea ukienda hukohuko. Tulikutafuta mpaka Ndara kwenye mifugo ya watu. Na yule mtu wa maji ulimpiga kofi. Kichwa chako bado."

Nikamwomba anipe vuli hii moja. Nitayarishe mwenyewe, nipande ndengu mwenyewe, nipalilie na nivune mwenyewe. Nikimaliza bila kupotea na bila kugombana na mtu, Mutinda atafute shamba kwingine. Nikishindwa, amkodishe, na mimi sitasema neno.

Akauchukua ungo wake tena, akasema, "Sawa. Lakini kichwa kikisumbua, hata kidogo tu, tunaacha."

Nimekubali. Yule mama wa mazoezi wa hospitali ya Mombasa aliniambia niwe naandika kila siku kwa sababu nasahau, nami nilimdharau. Sasa naandika, nisije nikaambiwa nimefanya mambo ambayo sikuyafanya.

Oktoba 5

Mwaka juzi nilianguka kutoka juu ya lori la saruji pale Voi, nilipokuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Nilipojielewa nilikuwa Mombasa wodini, na Pasaka ilikuwa imepita bila mimi. Nimebaki na kovu, usahaulifu, hasira za karibu, na pua isiyonusa kitu. Kabisa. Nyama naitafuna tu, na chai ni maji moto. Kinachonifikia ni utamu peke yake, kwa hivyo sukari naitia mpaka kijiko kinasimama.

Na watu wamenisaidia katika hilo. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, unambebea glukosi na soda arudishe nguvu. Nimerudi nyumbani zamani, na mikebe ya glukosi bado inaingia. Nikiwa peke yangu nailamba hivyohivyo, kavu. Nimenenepa mpaka suruali za kazini hazifungi, na kila anayeniona anasema Mungu ametenda.

Lakini nikilalamika kitu chochote, ni kichwa. Nikikohoa ni kichwa. Sikatai kwamba hata mimi nakitumia. Mahubiri yakirefuka nashika paji la uso, natoka nje, na hakuna anayeniuliza.

Oktoba 9

Joto. Vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Hakuna wingu.

Oktoba 14

Trekta la kukodi limepita shambani. Nimezunguka nyuma yake tangu asubuhi nikitoa mizizi, ingawa dereva aliniambia nikae kivulini. Siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inataka kwenda. Nikienda, nachoka kabla sijafika ninakokwenda.

Na hii kiu. Nimekunywa mtungi mzima wa maji, na nikirudi nyumbani nimekunywa tena.

Oktoba 20

Jumapili. Nimetoka kwenda chooni mara nyingi sana ibada ikiendelea, na safari hii sikuwa namkwepa mhubiri. Mwishoni mchungaji aliniita mbele akakiombea kichwa changu. Waumini wote walininyoshea mikono. Nilikuwa nimebana mkojo, na maombi yalikuwa marefu.

Oktoba 24

Nthambi ametia kufuli kwenye mfereji wa tangi.

Kioski cha maji kimefungwa tangu wiki iliyopita, na maji tunauziwa na watu wa mikokoteni, kwa hivyo najua maji ni shida. Lakini kufuli! Nilirudi kutoka shambani ulimi umekauka, nikaliona linaning'inia pale.

"Mama Kathini, wezi wa maji wamefika mpaka huku?"

Alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. "Si wezi. Ni wewe."

"Mimi?"

"Nisikilize polepole. Hii tangi ni ya wiki nzima. Umeimaliza jana, leo nimenunua tena. Usiku mzima ni wewe na choo, choo na wewe. Hakuna mtu mzima anakuwa na kiu ya namna hiyo. Ni kichwa kinakudanganya. Hiyo kiu si ya ukweli."

"Kiu si ya ukweli?"

"Ukitaka maji, niite nikupimie."

Niliokota jiwe. Nalisema wazi hapa: niliokota jiwe nikalivunje lile kufuli. Halafu nikamwona Nthambi amerudi nyuma, mkono kifuani, macho yake yakisema sasa tunaacha, sasa nampigia Mutinda simu. Nililiweka lile jiwe chini nikatabasamu. Nikamwambia ana haki, ni kichwa, na hata kiu yenyewe imeisha.

Haikuwa imeisha. Nilipokwenda kulala nilikuwa namchukia, na kumchukia Nthambi si jambo nililolizoea.

Oktoba 27

Nimepata dawa yake. Nakunywa kwenye silanga, lile bwawa ng'ombe wa Mutinda wanakonyweshwa. Maji ni ya matope lakini hakuna anayenipimia. Na dukani nachukua soda, naimaliza hapohapo nimesimama.

Kuanzia leo sina kiu, sina uchovu, sina lolote. Anayetaka kujua hali yangu nitamwambia niko sawa.

Novemba 2

Mawingu juu ya vilima vya Mbololo. Yamekaa, yametutazama, yameondoka.

Novemba 5

Mvua! Imepiga mabati tangu alfajiri mpaka hatusikilizani. Nthambi amefungua mfereji, ameweka kila chombo chini ya paa, hata karai la kuogea. Amecheka. Na mimi nimecheka.

Novemba 6

Nimepanda siku nzima. Nilifunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi nifuate mstari, kama alivyonifundisha baba, lakini kamba yenyewe sikuiona vizuri. Ilikuwa inakuwa mbili, halafu inapotea. Nilidhani ni jasho. Nikafuta macho, ikawa vilevile. Nikaendelea kwa kukisia.

Jembe limenikata kidole gumba cha mguu. Niligundua nilipoona damu kwenye udongo, maana sikusikia uchungu wowote. Nilifurahi kwamba hakiumi. Nimekifunga kitambaa nikavaa gambuti, na Nthambi hajui.

Novemba 13

Ndengu zimeota. Zimepinda kama njia ya mlevi. Mutinda na mkewe Mbula walipita wakasimama kwenye ua wakitazama, kisha wakaniamkia kwa sauti za kanisani. Jioni nilimsikia Nthambi akiongea kwa simu na binti yetu Kathini, anayesoma chuo Mombasa.

"Mistari yote imepotoka, mwanangu. Baba yako alikuwa anapanda watu wanakuja kuona. Nadhani kinaendelea kuharibika ndani kwa ndani."

Mwisho akasema, "Wacha amalize tu. Nitampa Mutinda mwezi wa kwanza."

Kwa hivyo ameshaamua. Nimekaa na hilo tangu jioni na linanichoma. Sina kazi tena, pua sina, marafiki wa dukani waliacha kupiga simu. Hili shamba ndilo mahali pekee ninapofika mtu akaniita mwenye shamba. Wakilichukua nitakuwa mgonjwa wa kukaa mlangoni, nikisubiri mikebe.

Novemba 14

Zinaota tu hata zikipinda. Nitamwonyesha.

Novemba 19

Leo Nthambi amenipeleka kliniki moja ya Voi kwa sababu nilisinzia nikila. Yule kijana wa zamu aliuliza, "Shida ni nini?" Kabla sijafungua mdomo Nthambi akajibu, "Aliumia kichwa." Basi. Kijana akainama, akatazama kovu, akaniuliza leo ni siku gani na rais ni nani. Nilijibu yote. Akaandika dawa za maumivu, akasema uchovu ni kawaida kwa watu wa kichwa.

Ningeweza kumwambia. Kiu, macho, mkojo, kidole, yote yalikuwa ulimini. Lakini Nthambi alikuwa kando yangu, na nilijua angeyaweka wapi. Nikasema mimi niko sawa kabisa. Njiani alininunulia soda kwa sababu nimekuwa mpole.

Novemba 28

Palizi. Napalilia kidogo, nalala chini ya mgunga, napalilia kidogo. Nimeng'oa ndengu nyingi nikidhani ni magugu. Nimezizika.

Desemba 3

Mvua nzuri. Ndovu walipita upande wa reli, hawakuingia kwetu.

Desemba 8

Suruali za kazini zinafunga! Kanisani wameniambia kulima kumenifaa, nimepungua vizuri, nimekuwa kijana. Mbula alisema nimerudi kuwa yule Nzau wa zamani. Nthambi alinitazama akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilihisi labda nitashinda.

Sikumwambia mtu kwamba mkanda nimeutoboa tundu jipya, na juma hili nimetoboa lingine.

Desemba 15

Zimetoa maua. Mimi hoi.

Desemba 22

Kathini amekuja likizo na kreti ya soda za Krismasi. Alinikumbatia akarudi nyuma. "Dadi, umekonda! Uko fiti kweli?" Mama yake akamjibu jikoni, "Ni shamba. Usimchokoze, kichwa kitauma." Kathini akanong'ona, "Haki, siku hizi kwa hii nyumba hata kuku akikosa kutaga ni kichwa ya dadi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Huyu mtoto nimemkosa.

Desemba 25

Pilau. Sikuonja chochote. Soda nimekunywa nyingi kuliko watoto wote wa Mbula wakiwekwa pamoja.

Desemba 30

Kathini amerudi chuo. Maganda yameanza kuwa meusi huku na huku. Wiki moja hivi, nianze kuchuma. Ndengu hazisubiri, zikikauka sana zinapasuka zenyewe na kumwaga chini. Ninalala nazo, naamka nazo. Wiki moja tu. Nisimame wiki moja.

Januari 4

Nthambi anasema kuna kitu kimekufa ndani ya nyumba. Mimi sisikii harufu, bila shaka. Amefagia, amemwaga dawa, bado anasema kinanuka.

Januari 5

Leo tumemtafuta panya.

Nthambi alitoa kila kitu. Magunia, masanduku, viatu vya kanisani, sufuria za matanga. Akawa anatembea na pua mbele, anaingia chumbani, anatoka, anasema hapa kimezidi, hapana, sasa kimehamia sebuleni. Nami nikawa namfuata nikimsaidia kuinua vitu. Nikimfuata chumbani anasema kiko chumbani. Nikienda naye jikoni anasema kimefika jikoni. Nilimtania kwamba panya huyo amekufa na bado anatembea. Hakucheka.

"Sasa tuvute kitanda," akasema. "Lakini vua hizo gambuti, nimetoka kupiga deki."

"Sitaki."

"Baba Kathini, ni gambuti tu. Kwani unalala nazo?"

Nilimfokea. Nilimwambia aache kunipangia hadi miguu yangu, kwamba amefunga maji sasa anataka kufunga viatu. Sikujua nitasema hivyo. Midomo ilikuwa mizito, chumba kinazunguka. Alivuta kitanda peke yake, akatazama chini yake, hakukuwa na panya. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Kesho nitaongea na Mutinda."

Nimemwambia kesho nitakuwa nachuma ndengu.

Januari 17

Niko hospitalini. Hii kalamu nimeomba kwa jirani wa kitanda. Mengine nayakumbuka, mengine nimeambiwa, na nimeyapanga kama nilivyoambiwa.

Kesho yake, baada ya ile siku ya panya, nilikwenda shambani kweli. Jua lilikuwa halijakaza. Nilichuma maganda kidogo nikayatia kwenye gunia, kisha nikatapika. Nikakaa. Nilikuwa napumua kama mtu aliyekimbia, na sikuwa nimekimbia. Nakumbuka niliona ndengu zinapasuka, tak, tak, nikataka kuzishika zisimwagike. Basi.

Aliyenipata ni Mutinda. Huyohuyo. Alikuwa amekuja kumwona Nthambi kuhusu shamba, akaambiwa niko chini, akateremka aniambie mwenyewe kiungwana. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Yeye ni mwembamba kuliko mimi, hata baada ya kukonda kwangu. Akasimamisha pikapu ya mchanga, wakanilaza juu ya mchanga, na Nthambi akanishika kichwa njia nzima. Kichwa! Miguu hakuna aliyeitazama.

Hospitalini Nthambi aliwaambia, "Ni kichwa, aliumia kichwa, sasa kimefika mwisho." Akalia. Wakaanza kunitayarishia safari ya Mombasa nikapigwe picha ya ubongo. Lakini kulikuwa na daktari mmoja, Mtaita, anaitwa Wakesho, umri wa dada yangu mdogo, na ana mdomo. Aliingia, akasimama, akanusa. Akavuta gambuti langu la kushoto.

Nthambi anasema wodi nzima iligeuza uso.

Ndipo akadai nitobolewe kidole cha mkono. Ile mashine ndogo ya kupimia sukari haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba imepita kipimo. Wakanifunga maji ya mshipa, wakanipiga insulini. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeoza na kimekwenda na maji. Wamekikata. Mguu wameuokoa.

Nilipoamka vizuri alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, ni nani amekuwa akikupima sukari?"

"Hakuna. Mimi ni mtu wa kichwa."

"Mtu wa nini?"

"Wa kichwa. Nilianguka kwa lori."

Akanitazama, akamtazama Nthambi. "Kwani ulipoumia kichwa, huo mwili mwingine uliuacha huko kwa lori?"

Akaniuliza kuhusu kiu. Nikamwambia. Kuhusu mkojo, macho, kukonda. Kila alilouliza nilikuwa nalo, na nilijibu kwa furaha, kama mtu anayetajiwa ndugu zake. Kuhusu chai nikamweleza pua ilivyokwenda na sukari ilivyobaki. Glukosi nikamweleza. Alifunga macho.

"Siwezi kukuambia kichwa ndicho kilileta sukari," akasema. "Pengine ilikuwa inakuja tu, pengine ulipoumia ukaisaidia njiani. Lakini hawa watu walioumia kichwa nawaona. Presha, sukari, kifafa, kukosa usingizi, huzuni ya kukaa peke yako. Vinakuja kwao zaidi kuliko kwa watu wengine, na havichunguzwi, kwa sababu kila kitu kikitokea watu wanasema ni kichwa."

Nthambi alikuwa amesimama miguuni pangu. Akauliza, "Kwa hivyo ile kiu..."

"Mama, huyu alikuwa anakauka. Angekunywa mto."

Alitoka nje. Nilisikia akilia kwenye baraza, kilio cha matanga hasa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka. Nina ugonjwa wa kudumu, nimepoteza kidole, na nilicheka mpaka mgonjwa wa jirani akauliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilikuwa na kiu kweli.

Januari 18

Sikulala vizuri. Kicheko kimeisha. Nimekumbuka ndengu.

Januari 19

Nthambi ameniletea uji usio na sukari. Hatukuongea kuhusu kufuli wala gambuti. Amenikata kucha za mikono, akanishika mkono muda mrefu. Nilimwuliza ndengu. Akasema, "Pona kwanza." Kwa hivyo zimemwagika zote. Nimegeukia ukutani.

Januari 23

Nimerudi nyumbani, na magunia yamesimama sebuleni.

Nilidhani ni ya mtu mwingine. Nthambi akasema ni ndengu zetu, Mutinda na Mbula walizichuma siku nilipolazwa, wakazipiga, wakazipepeta, wakaleta. Nilikwenda kwao kwa magongo kushukuru. Mutinda aliona aibu, akatazama kuku.

"Hazingesubiri wewe," akasema.

"Na shamba?"

"Shamba bado nalitaka, Nzau. Sikudanganyi."

Nilikuwa nimemwita fisi katika moyo wangu vuli nzima. Leo nimempenda, na bado sitaki apate shamba langu. Sijui niweke wapi mambo haya mawili.

Januari 25

Sindano asubuhi, sindano jioni. Chai ya maji moto.

Januari 26

Mutinda amekuja leo baada ya kanisa, kofia mkononi. Tuliketi watu watatu. Nthambi akasema tumalize jambo la shamba.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema nililima, nilipanda, nilipalilia.

"Hukuvuna," akasema Nthambi.

"Nilikuwa hospitalini!"

"Tulikubaliana uvune. Hukuvuna, walivuna hawa."

"Kwa sababu nilikuwa mgonjwa! Si kichwa, ni sukari! Ungeniamini ile siku ya kufuli..."

"Ungesema!" Alisimama. "Ungesema una kidonda! Ungemwambia yule kijana wa kliniki, ulikuwa umekaa mbele yake na mdomo wako!"

"Ningesema, ungesema ni kichwa!"

"Ndiyo, ningesema! Ningekosea, halafu ungesema tena! Ungepiga kelele! Siku zote unajua kupiga kelele, siku ya maana ukanyamaza! Nimetafuta panya, Nzau. Nimetoa kila kitu nje mpaka majirani wakaja kuuliza kama tunahama, na wewe unanifuata nyuma na huo mguu, unanisaidia kutafuta!"

Mutinda akakohoa. Nilisema jambo la kijinga. Nilisema, "Nilikuwa sijielewi, ilikuwa ni sukari."

"Hapana!" Alipiga meza, kikombe cha Mutinda kikaruka. "Si sukari. Si kichwa pia. Ni wewe! Ni ujeuri wako, na ulikuwa nao nikiwa msichana, ulikuja nao kwetu kuposa, baba yangu akaniambia huyu kijana ni mbishi, mimi nikakataa kusikia! Usiniambie sukari!"

Tangu nilipoanguka, huyu mwanamke hajanipigia kelele hata siku moja. Amenibembeleza, amenipimia maji, amezungumza nami kama anazungumza na mtu aliyelala. Leo mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na alikuwa ananitazama usoni, mimi, Nzau. Nilihisi machozi yanakuja, nikayazuia kwa kumjibu.

"Na wewe ulipoficha ile cherehani uliyonunua?"

"Usilete cherehani hapa! Na ile mistari yako! Masika sitaki kuona mistari kama ile, watu wanapita wanacheka. Kamba nitashika mimi."

"Utashika kamba gani? Wewe unajua kuvuta kamba?"

"Kuliko wewe kipofu! Na tutapanda mahindi."

"Mahindi? Pale chini? Pale ni ndengu! Unataka kulisha ndovu?"

"Mahindi, Nzau!"

"Ndengu!"

Mutinda alisimama taratibu, akavaa kofia. Akasema amesikia kuna mtu huko Mata anakodisha, ataenda kuuliza. Nadhani alisema hivyo. Nthambi hakugeuka, alikuwa bado ananieleza kwa nini mimi sijui kitu kuhusu mahindi, na nilikuwa nangoja avute pumzi ili nimjibu.